Mgeni wa Chini ya Kitanda

Wasomaji wapenzi, mtanisamehe nikiwaletea habari za paka. Najua wengi wenu mtasema, "Paka naye ana habari gani? Kazi yake ni panya, basi." Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwa muda wa miaka hamsini na zaidi. Kwetu paka hukaa stoo pamoja na magunia, hutupiwa ukoko wa ugali, na asiporudi usiku hakuna awashaye taa kumtafuta. Lakini mwishoni mwa mwaka 2023 aliletwa nyumbani kwetu paka mmoja mwenye mkia uliokatika ncha, nami nilimpokea vibaya sana kabla sijajifunza kumpokea vizuri. Pengine na wewe siku moja utaletewa mnyama aliyetoka katika taabu. Basi soma, usirudie makosa yangu.

Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, na alfajiri sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji ikameguka, ikateremka kwa tope, mawe na magogo, ikapita katika mji wa Katesh na vijiji vya chini ya mlima kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mlima ule wenye mita zaidi ya 3,400 tumeuzoea tangu utoto, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba mlima huweza kuja mlangoni.

Shangazi yangu, mdogo wake marehemu baba, alikuwa akikaa Katesh karibu na korongo. Ni mjane, miaka yake sabini na ushee. Usiku ule hakulala nyumbani. Alikuwa Endasak kwa binti wa ndugu yetu aliyejifungua. Ndiyo sababu akapona. Nyumba yake haikupona, wala jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mama mmoja mjane kama yeye.

Siku kumi baadaye nilishuka kutoka kwetu, huku juu upande wa Dongobesh, kwenda kumchukua. Aliomba kwanza apaone mahali pake. Tukaenda. Mimi sitaeleza niliyoyaona, maana wengine wenu mna ndugu huko. Vijana waliokuwa wakisafisha walikuwa wamemkuta paka juu ya kenchi la nyumba ya jirani, jike, mwenye mabaka ya kijivu na meusi, tope limemkauka mgongoni, mbavu zahesabika. Mmoja alimshika kwa koti lake kuukuu.

Shangazi akamtazama kwa muda mrefu, akasema, "Huyu ni paka wa jirani. Mwizi wa maziwa yangu. Nilikuwa nikimfukuza kwa ufagio."

Kisha akaniambia, "Mtie kwenye boksi."

Nikasema, "Shangazi, paka tunaye nyumbani."

"Najua mnaye. Mtie kwenye boksi."

Nikapata boksi la sabuni dukani, nikalitoboa matundu kwa kisu na kulifunga kwa kamba ya katani. Hayo ndiyo yote aliyotoka nayo shangazi Katesh: kanga mbili za kupewa, rozari yake, na paka asiye wake. Katika basi kondakta aliuliza kama ndani ya boksi mna kuku. Nikaona haya kusema ni paka, nikajibu ndiyo, nikalipa nauli ya kuku. Tulipofika Dareda na kuanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa, kuku yule alianza kulia nyau kila kona, na basi zima likacheka. Shangazi hakucheka.

Sasa sikiliza kosa la kwanza. Tulifika jioni. Habari zilikuwa zimetutangulia, na sebuleni mlikuwa na watu kama ishirini waliokuja kumpa shangazi pole. Taa imewashwa, chai inachemka, watoto wanaruka. Mimi, kwa kutaka kuwafurahisha watoto, nikaweka boksi mezani katikati ya watu wote na kukata kamba.

Paka hakutoka, bali alifyatuka. Birika likaanguka, mwanangu wa tatu aliyenyosha mkono kumshika akaparuzwa toka kiwiko hadi kifundo, na yule mnyama akapita katikati ya miguu ya wageni hadi chumba cha nyuma, akaingia chini ya kitanda. Tukamfuata na tochi na fimbo ya ufagio tukidhani twamsaidia. Akarudi nyuma hadi pembeni kabisa ya ukuta, masikio yamelala, anatoa pumzi kama nyoka.

Shangazi naye tulimkalisha kwenye kiti cha katikati, chini ya taa. Kila aliyeingia akamwomba aeleze ilivyokuwa. Alieleza mara tatu. Mara ya nne alinyamaza tu akitazama kikombe. Usiku ule sikuona kwamba wote wawili tuliwapokea kwa namna moja. Mke wangu ndiye aliyeona, lakini hakusema mpaka baadaye.

Kuhusu mkono wa mtoto, hapa msomaji usifanye mzaha. Paka huweza kuwa na kichaa cha mbwa kama mbwa mwenyewe, na akiwa nacho humwambukiza mtu kwa meno, tena hata kwa kucha zenye mate. Ugonjwa huo ukishaanza kujionyesha kwa mtu, ni mauti. Tulimwosha mtoto kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, na asubuhi tukampeleka hospitali akachomwa sindano, akamaliza zote alizopangiwa. Usimpake majani, usimfunge kitambaa ukasubiri kuona. Paka naye baadaye alichanjwa, nasi twamchanja kila mwaka pamoja na mbwa. Kitoto cha paka huanza kuchanjwa kikiwa na miezi mitatu.

Kesho yake alikuja mzee mmoja jirani yangu. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Nasikia mmeleta mnyama kutoka nyumba ya msiba." Wazee wetu wa Kiiraqw walikuwa na desturi iitwayo metimani: nyumba iliyopatwa na kifo au balaa ya namna fulani ilijitenga na wengine kwa muda, watu wake wasitembelee boma la mtu wala kushiriki vyombo vyake, mpaka muda uishe. Siku hizi wengi wameiacha, lakini mzee yule hakuiacha moyoni. Akaniambia, "Kama hamtamtoa, basi mfungieni mahali pamoja asizurure kwa watu."

Nikaona haya ni mambo ya zamani. Nikaenda kwa bwana mifugo, mtu aliyesoma, anieleze ya kisasa. Naye akaniambia nini? "Mfungie chumba kimoja asizurure." Nilicheka njia nzima. Watu hao wawili hawajapatana katika neno lolote tangu siku bwana mifugo alipomwambia mzee apunguze ng'ombe, na leo wanapatana juu ya paka!

Lakini sababu za bwana mifugo zilikuwa nyingine, nazo yafaa mzijue. Mbwa, alisema, humfuata mtu. Paka hufuata mahali. Akiwa kwake huzijua harufu zote, kila pembe ameisugua kwa mashavu yake na kuiachia harufu yake, na hapo ndipo moyo wake hutulia. Mtoe ghafula umweke katika nyumba kubwa yenye watu na mbwa na moshi mgeni, ni sawa na kumtupa nyikani. Atakimbia, na akikimbia huenda akashika njia ya kwao. Kwa hiyo mpe kwanza nchi ndogo: chumba kimoja chenye mlango unaofungika, afadhali kile watu wasichopitapita. Humo muwe na mahali pa kujificha, kama boksi lililolazwa ubavu, na nguo kuukuu ndani yake, wala nguo hiyo usiifue upesi, maana ndiyo inayobeba harufu yake. Pembe moja weka maji na chakula. Pembe nyingine, mbali na chakula, weka karai la mchanga uliochanganywa na majivu; atajisaidia humo bila kufundishwa. Karai hilo lisafishwe kila siku, na mama mwenye mimba asilisafishe yeye, maana katika mavi ya paka huweza kuwa na vijidudu vya kumdhuru mtoto tumboni. Mwingine afanye, anawe mikono kwa sabuni.

Nikauliza, "Kwa siku ngapi?"

"Majuma mawili, matatu. Wengine mwezi. Atakuambia mwenyewe."

"Na nikitaka kumzoeza?"

"Usimzoeze. Kaa chini sakafuni, fanya kazi yako, usimkodolee macho. Mnyama akikodolewa macho hudhani anawindwa. Akikutazama, fumba macho polepole, fumbua. Usimvute kamwe kutoka alikojificha. Ukimvuta mara moja, umeongeza juma zima."

Basi, chumba chenyewe ni kile alichokimbilia, nacho ndicho tulichompa shangazi. Niliogopa kumwambia alale na paka wa watu chini ya kitanda. Yeye alijibu, "Mwacheni. Mimi na yeye tunajuana."

Toka siku ile mlango wa chumba kile ulifungwa. Wageni waliendelea kuja, maana sisi watu wa Mbulu hatumwachi mfiwa peke yake. Tena wengine walitoka mbali, Haydom na Karatu. Kila walipobisha, shangazi alijibu toka ndani, "Samahani, nikifungua paka atatoka." Nami nikaona aibu mbele ya wageni, nikalalamika kwa mke wangu: mtu mzima anajificha nyuma ya paka! Mke wangu alikuwa akipepeta maharage. Akasema bila kuinua macho, "Paka umempa majuma matatu ya kunyamaza. Shangazi yako umempa saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, wala sina hadi leo. Toka hapo nikawa nawapokea wageni mimi, nje, chini ya mti.

Siku tano za kwanza hatukumwona paka kabisa. Alikula usiku tu. Shangazi alimpa maziwa kwenye kisahani, kwa kuwa aliyajua mazoea yake, na matokeo yake paka akaharisha chumba kizima. Bwana mifugo alieleza kwamba paka wengi wakishakuwa wakubwa matumbo yao hayawezi maziwa ya ng'ombe, ingawa wanayapenda. Wape maji. Na ukoko wa ugali peke yake haumtoshi paka, maana yeye ni mla nyama kwa maumbile. Kuna vitu vya mwili wake asivyoweza kuvipata katika nafaka, na akivikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huharibika. Sisi tunatumia dagaa wa kuchemsha bila chumvi, na matumbo ya kuku yaliyopikwa tukichinja. Kidogo, asubuhi na jioni, mkono ule ule, saa ile ile.

Kuna jambo jingine ambalo nisipolisema nitakuwa nimewadanganya. Nyumba zetu zimejaa vitu vya kumwua paka, nasi hatujui. Sumu ya panya ni ya kwanza: paka halazimiki kuila yeye, akila panya aliyeila, huweza kufa vilevile. Ukitaka paka, sumu itoke. Dawa za unga za kuhifadhia mahindi, nyingine zina kiini kiitwacho pemetrini, ambacho hakimdhuru sana mtu wala mbwa, lakini paka akilala juu ya gunia lile akajilamba manyoya, hutetemeka hadi kufa. Hata dawa za kuogeshea ng'ombe na mbwa usimpake paka kwa kukisia, muulize bwana mifugo kwanza. Na binti yangu, kwa huruma, alitaka kumvunjia nusu kidonge cha parasetamo alipoona anachechemea. Nusu ile tu ingeweza kumwua. Dawa ya mtu isiingie kinywani mwa paka.

Tena watu wa Mbulu tuna sababu yetu ya kuwa waangalifu. Mwaka 2007 tauni ilizuka wilayani kwetu, kama ilivyowahi kuzuka miaka ya nyuma, na kama ilivyowasumbua ndugu zetu wa Lushoto toka mwaka 1980 kwa miaka zaidi ya ishirini. Tauni huletwa na viroboto wa panya. Paka mzuri hupunguza panya, hilo ni kweli. Lakini paka naye hushikwa na tauni kwa kula panya mgonjwa, naye huweza kumpa mtu. Ukiona panya wanakufa ovyo shambani au darini, usiwaguse kwa mikono, toa habari zahanati. Na paka akipata homa na vivimbe shingoni siku hizo, asikae vitandani na watoto. Nasema hivi si kwa kuwatisha. Urafiki wa paka na mkulima ni wa zamani mno. Mwaka 2004 watafiti wa Ufaransa walieleza juu ya paka aliyezikwa kando ya mtu katika kisiwa cha Kupro, miaka kama 9,500 iliyopita. Yeye na wenzake ni uzao wa paka pori, wa jamii ile ile inayozurura hata katika nyika zetu, na wataalamu hudhani kwamba kilichowavuta kwa watu ni panya waliokuwa kwenye nafaka. Hivyo yule wangu wa stoo alikuwa na hoja ya miaka mingi kuliko mimi.

Siku ya tisa shangazi alisema paka ametoka chini ya kitanda, akanusa viatu, akarudi. Siku ya kumi na mbili alikaa mlangoni mwa boksi na kujilamba mbele ya mtu. Shangazi alikaa sakafuni akishona mkeka, anafumba macho na kufumbua kama alivyoambiwa, mimi nachungulia dirishani. Watoto walikuwa wamempa paka jina, wakamwita Katesh. Shangazi akawakataza. "Jina hilo silitaki kuliita kila asubuhi." Yeye akamwita Wewe. "Wewe, njoo. Wewe, chakula." Na Wewe akawa anakuja.

Krismasi ikapita hivyo. Sasa sikia kosa la pili, ambalo pia ni langu.

Tarehe 30 Desemba niliingia chumbani kuchukua gunia la mbegu lililokuwa nyuma ya mlango. Shangazi alikuwa bafuni. Nilikuwa na gunia begani, mlango nikausukuma kwa kisigino, nao haukushika. Niliporudi chumba kilikuwa kitupu.

Shangazi alisimama katikati ya chumba akasema neno moja. "Amekwenda kwao." Halafu akalala, akageukia ukutani. Mchana hakula, usiku hakula.

Tulimtafuta mbali, na hilo pia lilikuwa kosa. Watoto walikwenda hadi njia kuu wakiita. Bwana mifugo alituambia kwa simu kwamba paka aliyetoroka katika siku za mwanzo mara nyingi hajaenda mbali. Amejibana karibu, chini ya kihenge, chini ya mkokoteni, katika kichaka, kimya, wala haitiki hata akiitwa na anayempenda. Asitafutwe kwa kelele. Usiku watu wakishalala, mtu mmoja anayemjua akae nje na chakula chenye harufu, na nguo yake ya kulalia iwekwe karibu na mlango.

Mtu anayemjua ni mmoja tu. Nikaenda kumwambia. Nilidhani atakataa; lakini aliinuka, akajifunga blanketi, akachukua kopo la dagaa. Nyinyi mnaokaa huku juu mnajua baridi ya usiku. Nikakaa naye, hatua chache nyuma, bila kusema. Usiku wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Usiku wa tatu alilitikisa kopo kwa muda, kisha akaliweka chini akaanza kusema, bila kugeuka.

"Jumamosi ile kabla sijaondoka tuligombana. Paka alikuwa amemwaga maziwa yangu yote. Nikamwambia mama wa watu: nikirudi Jumatatu, paka wako namtia kwenye gunia naenda kumtupa. Akaniambia, wewe mwanamke una roho mbaya. Nikamwambia, wewe ndiye unayefuga mwizi. Nikafunga mlango wangu. Tumekaa majirani miaka kumi na tisa, tunaazimana chumvi, na neno la mwisho lilikuwa hilo."

Nilitaka kumpa maneno ya faraja. Nilikuwa nayo mengi, maana ni mtu wa maneno. Nikakumbuka mnyama aliye chini ya kitanda na ufagio wangu, nikanyamaza. Tukakaa hadi jogoo wa kwanza.

Mchana wa siku ya nne mjukuu wa yule mzee wa metimani alikuja mbio. Paka yuko kwao! Tukaenda, shangazi mbele. Tulimkuta juu ya magunia ya mahindi katika stoo ya mzee, amenyosha miguu, na chini sakafuni panya wanne wamepangwa. Mzee amekaa mlangoni juu ya kigoda anamlinda. Shangazi akasema, "Wewe!" Paka akafumba macho polepole, akayafumbua, asiinuke.

Mzee akanigeukia akasema, "Mwanangu, nimehesabu siku. Muda wake umekwisha. Mwacheni akae hapa."

Shangazi alimjibu kwa Kiiraqw maneno ambayo sitayaandika gazetini, akambeba paka chini ya blanketi, akaondoka. Usiku ule alikula ugali na mlenda, sahani nzima, na kwa mara ya kwanza alikula mezani pamoja nasi. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo. Hatukumwuliza neno.

Yaliyobaki yalikwenda upesi. Mbwa tulimfunga kamba majuma mawili, tukawapa wote wawili kitambaa cha mwenzake wakinuse, na walipokutana paka alimpiga kibao kimoja cha pua, na mambo yakaisha. Kuku hawakumjali. Paka wetu wa zamani alinuna mwezi mzima stoo, kisha wakagawana nyumba: mmoja magunia, mwingine jikoni. Bwana mifugo alinishauri kama nikipata daktari wa mifugo wa kumfunga kizazi nimfunge mapema, nami nikachelewa, kama kawaida yangu. Mwezi wa Septemba 2024, baada ya siku kama sitini na tatu za mimba, Wewe alizaa watoto wanne kwenye boksi lile lile la sabuni. Mzee alikuja siku ya tatu kuchagua wake. Tukamwambia angoje majuma manane, maana mtoto wa paka akiachishwa mapema huwa mwoga na mkali maisha yake yote. Alikuja kila Ijumaa kuhakikisha hatujampa mtu mwingine.

Mwishoni mwa mwaka huo waliopoteza makazi walikabidhiwa nyumba mpya zilizojengwa huko Waret, upande wa Katesh, na shangazi akapata yake. Tulimwomba abaki. Watoto walilia. Akasema ameshukuru, lakini mtu akipewa mlango wake inafaa aufungue mwenyewe. Nikatafuta boksi na kamba, nikaenda kumchukua Wewe aliyekuwa amelala dirishani. Shangazi akanizuia mkono.

"Huyu hapana. Ameshahamishwa mara moja. Nipe yule mdogo mwenye mabaka, bado hajawa na kwao."

Akaandaa boksi mwenyewe: ile nguo kuukuu aliyolalia mama yake bila kuifua, na kopo la dagaa. Majuma matatu mlango utafungwa, akasema, hata akija nani. Nikamsindikiza stendi. Kondakta aliligonga boksi kwa kidole akauliza kama mna kuku.

"Ni paka," akasema shangazi, akafungua fundo la kanga. "Nauli yake shilingi ngapi?"